Je, Asiye na Shamba ni Jirani Yangu?

Mwezi wa Juni 2009 kampuni moja ya mji wa San Francisco, huko Marekani, iitwayo Zynga, ilitoa mchezo wa kompyuta uliopewa jina la FarmVille, kama kusema Mji wa Mashamba. Mchezo wenyewe ni mwepesi kabisa. Mchezaji hupewa kipande cha ardhi, wala si ardhi ya kweli, ila picha yake tu katika kioo cha kompyuta. Hulima, hupanda, hungoja, huvuna, huuza. Na kwa fedha za mchezo hununua mbegu nyingine, na miti, na ng'ombe, na kuku. Kila zao lina saa zake. Matunda madogo mekundu yaitwayo stroberi yaliiva kwa saa nne, mengine yalitaka siku mbili tatu. Aliyepanda akachelewa mno kuvuna alikuta yote yamenyauka. Hapakuwa na vita katika mchezo huo, wala hapakuwa na mwisho. Watu walilima tu.

Usicheke, msomaji. Kabla mwaka haujatimia, mwanzoni mwa 2010, watu zaidi ya milioni 80 walikuwa wakiucheza kila mwezi. Hao wapita watu wote waliokuwa katika nchi yetu ya Kongo mwaka ule. Tena wengi wao hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, wanaume kwa wanawake, wenye kazi na nyumba, nao wakaamka usiku ili stroberi zao zisiharibike.

Siri ya kuenea kwake ni neno moja: jirani. Waliotunga mchezo waliuweka ndani ya Facebook, mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kufahamiana, wakaweka kanuni kwamba mtu asiweze kuendelea vizuri peke yake. Kila mchezaji aliwaita wenzake wawe majirani zake. Jirani aliweza kuingia shambani mwako akakutilia mbolea, nawe ukaenda kwake ukamfanyia vivyo hivyo. Alikuletea mti wa matunda au mnyama kuwa zawadi, nawe ukamrudishia. Pengine ng'ombe mpweke alitokea shambani mwako, nawe ukawatangazia wenzako ili mmoja wao amchukue akamfuge. (Wafugaji wetu wa Ituri wangestaajabu kusikia kwamba mahali fulani ulimwenguni ng'ombe aliyepotea ni mali ya yeyote anayewahi kumchukua, na hapana mtu anayeshika mkuki.) Na yule aliyetaka kupanua shamba lake aliambiwa: onyesha kwanza kwamba unao majirani wa hesabu fulani, au kama huna, toa fedha, si fedha za mchezo bali fedha halisi.

Hapo nataka tusimame kidogo. Majirani kadhaa, au dola kadhaa. Vitu hivi viwili viliwekwa katika mizani moja, kimoja upande huu na kimoja upande ule, vikalingana. Mtu alikuwa na bei. Sisemi kwamba wachezaji walikuwa watu wabaya. Nasema tu kwamba mchezo uliwafundisha kumtazama mwenzao kama mtu atazamavyo gunia la mbolea.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Wale ambao marafiki zao hawakutosha, au marafiki zao walichoka kuombwa mti na ng'ombe kila siku, walianza kutafuta watu wasiowajua hata kidogo. Wakajikusanya vikundi vikundi, kila mmoja akiandika jina lake na kusema, niwekeni kuwa jirani, nami nitawaweka. Mtu wa nchi moja akawa jirani wa mtu wa nchi nyingine asiyejua sura yake wala sauti yake. Vikundi hivyo vikakua upesi kama magugu baada ya mvua. Na katika kukua kwake jambo jema likatokea ambalo lazima tulikiri. Tetemeko kubwa la ardhi lilipoharibu Haiti tarehe 12 Januari 2010, wachezaji wa michezo ya kampuni ile walinunua vitu vya mchezo vilivyouzwa makusudi kwa msaada, na kwa siku chache tu zikapatikana zaidi ya dola milioni moja. Kumbe mtu aliyeshika jembe la picha aliweza kumkumbuka mtu aliyelala chini ya kifusi cha kweli.

Tarehe 31 Desemba 2020 mchezo ule ulifungwa, kwa sababu programu ya zamani iliyouendesha, iitwayo Flash, iliachwa na wenyewe. Mashamba yote yakatoweka usiku mmoja, pamoja na ng'ombe wote na miti yote.

Labda mtu wa Bunia atauliza, mambo haya yatuhusu nini? Michezo ya namna hiyo ingali ipo, na siku hizi huchezwa katika simu; Hay Day, iliyotolewa na Supercell ya Finland mwaka 2012, ni mojawapo, na kijana mwenye simu na mega chache aweza kuicheza akiwa Bunia kama vile akiwa Ulaya. Lakini sababu yangu si hiyo. Mchezo wa kupumzika baada ya kazi si dhambi, na sina haja ya kumnyang'anya kijana simu yake. Sababu yangu ni kwamba katika miaka ile ile ambapo mamilioni ya watu walilima mashamba yasiyokuwapo, hapa Ituri mashamba yaliyokuwapo yalikosa watu wa kuyalima. Tangu Desemba 2017, vita vilipowaka tena katika Djugu, maelfu na maelfu waliacha mahindi, maharagwe na muhogo vikiwa ardhini, wakakimbia. Wengine walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda. Wengine walikuja Bunia. Baadhi yao wakaa kambini, kama pale Kigonze. Lakini walio wengi zaidi katika jimbo letu wamepokewa majumbani na watu kama wewe na mimi. Basi swali lile ambalo mchezo umelijibu vibaya, sisi twaulizwa kila siku mlangoni petu: jirani ni mtu gani?

Aristotele, mwenye hekima wa Wagiriki wa kale, aligawa urafiki mafungu matatu. Kuna urafiki wa faida, watu wakipendana kwa sababu kila mmoja apata kitu kwa mwenzake. Kuna urafiki wa raha, watu wakipendana kwa sababu wachekeshana na kufurahishana. Na kuna urafiki wa wema, mtu akimtakia mwenzake mema kwa ajili ya huyo mwenzake mwenyewe. Akaeleza kwamba yale mawili ya kwanza huvunjika upesi, kwa maana sababu ikiisha nao huisha. Ukitaka kuujua urafiki wako ni wa fungu gani, tazama siku shamba linapofungwa. Aliyekuwa jirani kwa ajili ya mbolea, asubuhi ya Januari 2021 hakuwa na sababu tena ya kukumbuka jina la mwenziwe. Aliyekuwa amempenda mwenziwe kweli hakuhitaji picha ya shamba ili aulize habari zake.

Lakini tusiwacheke Wamarekani upesi mno. Sisi nasi tunayo desturi yetu ya kusaidiana, nayo ni ya zamani kuliko kompyuta zote. Katika Kongo watu wengi huiita likelemba. Pengine ni fedha: kila juma kila mmoja hutoa kiasi chake, na mmoja kwa zamu huchukua zote. Pengine ni kazi ya mikono: leo sote twalima kwako, kesho kutwa kwangu, siku nyingine kwa mama yule, mpaka zamu imezunguka. Ni desturi nzuri sana. Imeokoa watu wengi kuliko mabenki. Mjane aliyekuwa hawezi kulima nusu ya shamba lake kabla ya mvua hulimiwa lote kwa siku moja, kwa nyimbo na maneno ya kuchekesha, naye hupika sombe na ugali kwa furaha. Hakuna anayeona haya, kwa kuwa kila mtu amelipa na kila mtu amelipwa. Wanafalsafa wa Kanisa wangeiita haki: kumpa kila mtu kilicho chake.

Hata hivyo, ukiichunguza likelemba, utaona kwamba mzizi wake na mzizi wa mchezo ule ni mmoja. Nakutilia mbolea, unitilie mbolea. Nakulimia, unilimie. Na hapo ndipo mtu mmoja husahauliwa kabisa, yaani yule asiye na shamba.

Mfikirie mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu. Sitaji jina, maana wa namna hiyo ni wengi mno. Mikono anayo. Tangu utoto ameshika jembe, na kwa kupalilia maharagwe awashinda wengi waliozaliwa mjini. Asubuhi na mapema hutoka pamoja na wenzake kutafuta mtu wa kumlimia kwa malipo ya siku, naye akipata hurudi na unga kidogo. Sasa kikundi cha likelemba kimwite: “Mama, njoo tulime pamoja.” Atakuja. Atalima kwa huyu, atalima kwa yule. Lakini zamu yake itakapofika, tutakwenda wapi? Hana pa kwenda. Nilidhani kama wengi wanavyodhani kwamba shida ya mkimbizi ni kukosa cha kutoa. Nikitazama vizuri naona si hivyo. Cha kutoa anacho, nguvu zake. Alichokosa ni mahali pa kupokelea. Na mtu anayeweza kutoa tu asiweze kupokea, hata tukimwita ndugu na mama, kwa kweli tumemfanya kibarua.

Wazee wa pwani walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hii kuwasema wageni wavivu. Lakini isikilize tena. Kumpa mgeni jembe ni kumtoa katika ugeni. Ni kumwambia, wewe sasa ni mtu wa hapa. Wageni wetu wengine wamekaa Bunia si siku mbili, bali miaka mingi, na jembe hawalikatai. Twawapa jembe, lakini udongo hatuwapi.

Bwana wetu Yesu Kristo aliliona jambo hili waziwazi. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, amfundisha yule aliyemwalika chakulani kwamba asiwaite rafiki zake na matajiri, kwa kuwa wao watamwalika pia na hivyo atakuwa amekwisha kulipwa. Bali awaite maskini na vilema na vipofu, ambao hawana cha kumrudishia. Haneni hapo kwamba kurudishiana ni kubaya. Anena kwamba kurudishiana hakutoshi. Na katika sura ya 10, mwanasheria alipotaka aambiwe mipaka ya ujirani, nani yumo na nani hayumo, Bwana alimsimulia habari za Msamaria, kisha akamgeuzia swali lake: kati ya wale watatu, yupi alijifanya jirani wa mtu aliyeanguka mikononi mwa wanyang'anyi? Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli tutti wa tarehe 3 Oktoba 2020, alilifafanua fumbo hilo kwa kirefu sana. Na katika waraka huo huo akaonya kwamba kuunganishwa kwa mitambo si sawa na kukutana. Waraka huo ulitoka miezi mitatu tu kabla mashamba ya picha hayajafungwa.

Angalia, msomaji, yule mtu wa njia ya Yeriko. Hakutoa kitu chochote. Alipokea tu: mafuta, divai, mnyama wa kumbeba, chumba, dinari mbili. Hatusikii hata kama alishukuru. Katika hesabu za likelemba hana zamu.

Sasa nasikia mtu akinijibu, na jibu lake ni zito. “Padre, maneno haya ni mazuri kanisani. Lakini sisi wenyewe ni maskini. Shamba langu ni dogo, watoto ni saba, na wakimbizi ni wengi kuliko mihogo yangu. Nikimlimia kila asiyenilipa, watoto wangu watakula nini?” Mtu huyo hasemi uongo, wala simwiti mchoyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mapendo yana utaratibu wake: kwa kawaida yatupasa kuwatendea mema kwanza walio karibu nasi, baba, mama, watoto. Lakini huyo huyo Tomaso asema kwamba katika hali ya haja ya mwisho, mgeni aliye katika hatari atangulie kuliko hata baba yako mzazi ambaye hana dhiki hiyo. Basi hatuulizwi kama watoto wako wale au wasile. Twaulizwa juu ya ile siku moja ya zamu.

Tena kuna jambo jingine la kuogopesha zaidi kuliko uchoyo, nalo yatupasa kulitaja hata kama linauma. Wako wanaodhani kwamba kulima pamoja peke yake kwatosha kuwafanya watu kuwa wema. Lile kundi la silaha liitwalo CODECO, ambalo limewafanya watu wa Djugu walie sana, jina lake lilitoka wapi? Lilitoka kwa chama cha ushirika wa wakulima cha miaka ya 1970, na maana ya herufi zake ni Ushirika wa Maendeleo ya Kongo. Ushirika! Nao walioshika silaha chini ya jina hilo ndio walioingia katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, karibu na Bule, usiku wa tarehe 1 Februari 2022, wakaua watu kama 60 kwa mapanga na kwa risasi. Sitaki kusema kwamba wakulima wale wa kwanza walitaka hayo. Nataka kusema kwamba umoja wa walio ndani haupimwi kwa jinsi wanavyopendana wao kwa wao, maana hata majambazi hupendana na kugawana sawasawa. Hupimwa kwenye ua, pale alipo yule wa nje. Kikundi kinachosaidiana vizuri sana chaweza kuwa na mioyo iliyofungwa kabisa kwa asiye wa kwao, na mara nyingi wala hakitambui, kwa sababu ndani kuna joto.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jambo hili ni la serikali peke yake, au la mashirika ya misaada yenye magari meupe. Hao wana kazi yao. Hema na mahindi ya msaada vyaweza kumponya mtu na njaa, lakini havimpi zamu. Zamu hutolewa na majirani tu.

Na sisi Wakatoliki wa Kongo hatuna udhuru, kwa kuwa chombo tunacho. Tangu mwaka 1961 maaskofu wetu waliamua kwamba Kanisa katika nchi hii lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo zilizo hai, zile ambazo waamini wengi wa mashariki huziita shirika. Watu wa mtaa mmoja hukutana katika nyumba ya mmoja wao, husoma Injili, huulizana nani mgonjwa, nani amefiwa. Shirika nyingi zina likelemba yao. Na katika nyumba hizo hizo, au nyuma yake katika kibanda cha uani, hukaa yule mama wa Djugu. Jumapili twapeana amani naye mkono kwa mkono. Je, Jumatatu katika daftari la zamu jina lake limeandikwa?

Likiandikwa, kuna namna mbili ambazo kikundi chaweza kuzifuata, nami sioni ya tatu. Ya kwanza ni rahisi: siku ya zamu yake, wote waende pamoja kulima kwa mtu mwingine kwa malipo, na malipo ya siku hiyo yote awe nayo yeye. Watu kumi na wawili wakilima siku moja, mkimbizi mmoja hupata unga wa juma zima au zaidi, naye ameupata kwa zamu yake, hakuuomba. Ya pili ni ngumu kidogo, lakini naona ni bora. Mmoja mwenye nafasi akate kipande cha shamba lake, hata kama ni hatua ishirini kwa ishirini, amwazime kwa majira mawili. Hapo siku ya zamu wote watakwenda kwake. Atapika yeye. Atawaambia yeye wapi waanze na wapi waishie, na wakipanda mistari yao vibaya atawasema, kama kila mwenye shamba anavyowasema wanaomlimia.

Lakini jambo la kuazimana ardhi lifanywe kwa akili. Katika Ituri ardhi imekwisha kuleta vifo vingi mno, na mara nyingi mwanzo wake ulikuwa neno dogo lisiloshuhudiwa na mtu. Basi mwenye shamba na mwenye kuazima wasimame mbele ya mkubwa wa mtaa na mbele ya watu wawili wa shirika, mipaka ipandwe alama, na muda uandikwe, tangu mvua za Machi mpaka mavuno ya pili. Iandikwe pia kwamba miti haipandwi humo, maana mti hudumu kuliko mapatano. Na mavuno ya kwanza yote yawe ya mwenye kulima. Mwenye ardhi asidai fungu.